Mwili wa mwanamke: Nani ameshika mizani?

Wiki hii nimeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, la maneno ya uani na barazani, kumbe limewalaza watu hospitalini na wengine limewafikisha kaburini. Jambo lenyewe ni uzito wa mwanamke, na maneno yanayosemwa juu ya uzito huo kwa jina la afya.

Sote tunajua inavyokuwa. Mwanamke akienda kuwasalimia ndugu zake baada ya miezi michache, kabla hajaulizwa habari za watoto huanza kukaguliwa mwili. Shangazi atasema: "Mashaallah, umenenepa, mumeo anakutunza!" Hapo hapo mdogo wake aliyetoka chuo atamvuta pembeni: "Dada, mwili umezidi sasa, punguza, utapata presha." Na akienda amekonda, mambo huwa mabaya zaidi. Atanong'onwa kwamba ndoa imemshinda, au kwamba ana maradhi anayoyaficha. Itakumbukwa kuwa Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980, wenzetu wa Uganda waliuita "Silimu", kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kwetu sisi aliyekonda aliambiwa amekanyaga miwaya. Tangu wakati huo wapo wanawake wengi wanaoogopa kukonda kuliko wanavyoogopa kisukari.

Kilichonisukuma kuandika makala hii ni yaliyompata mdogo wangu, mtoto wa mama yangu mdogo. Huyu tangu utotoni alikuwa mwembamba, mzima wa afya, hana homa wala kikohozi. Alipochumbiwa, mawifi zake watarajiwa wakaanza maneno. Mwali gani huyu, wakasema, hata dera halimkai. Mama mmoja anayepitisha vipodozi majumbani akamuuzia vidonge vilivyofungwa katika kifuko cha nailoni, havina jina, havina tarehe. Alivimeza kwa miezi minne. Mashavu yakajaa, shingo ikajaa, tumbo likatoka. Siku ya harusi kila mtu alimsifu.

Baada ya harusi vidonge vikaisha, naye akaona kazi imekwisha, akaacha. Hazikupita siku nyingi akaanza kutapika na kuishiwa nguvu, presha ikashuka, akaanguka chooni. Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anatumia dawa gani?" Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua jina la dawa hiyo, na mwenyewe pia hakulijua. Alhamdulillahi alipona. Lakini mimi niliondoka pale na swali lingine: Ni nani hasa aliyemlaza kitandani? Ni yule muuzaji peke yake, au na sisi tuliomsifu mashavu?

Kilichomo ndani ya kifuko

Kwanza tuelewe vidonge hivi hufanya nini. Dawa zinazotumika sana barani Afrika kwa ajili ya kuongeza mwili ni za aina mbili. Ya kwanza ni siproheptadini, ambayo kwa asili yake ni dawa ya mzio. Dawa hii huleta usingizi na hamu ya kula. Ya pili, ambayo ndiyo ya hatari zaidi, ni deksamethasoni na ndugu zake, dawa zinazojulikana kwa jina la steroidi.

Deksamethasoni si sumu. Ni dawa yenye faida kubwa mikononi mwa daktari, na mwaka 2020 ilithibitika kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa mahututi wa Korona waliohitaji oksijeni. Hata hivyo, nguvu yake ndiyo hatari yake. Dawa hii huiga homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mtu akiimeza kwa muda mrefu, mafuta huhamia usoni, shingoni na tumboni, huku mikono na miguu ikibaki myembamba. Sukari hupanda, presha hupanda, mifupa hudhoofika, na kinga ya mwili hupungua. Yale mashavu yanayosifiwa kuwa ni afya ni dalili ambayo madaktari huitambua kwa kuiona tu.

La hatari kuliko yote ni hili: Tezi zile zikiona homoni inaletwa kutoka nje, hulala. Mtumiaji akiacha dawa ghafla, zile tezi haziamki siku hiyo hiyo, na mwili hubaki bila homoni inayoshikilia presha na sukari. Ndipo hutokea kutapika, kulegea, kuzimia, na hata kifo. Kwa sababu hiyo daktari humpunguzia mgonjwa dozi kidogo kidogo. Muuzaji wa kifuko cha nailoni hamwambii mteja wake habari hizo. Pengine naye hazijui.

Huku wanenepeshwe, kule wakondeshwe

Tusidhani kwamba balaa hili ni la mtaani kwetu peke yake. Nchini Mauritania, nchi ya Kiislamu, kumekuwepo desturi iitwayo leblouh, ya kuwalisha wasichana wadogo kwa nguvu maziwa ya ngamia na uji mzito, bakuli baada ya bakuli, ili wanenepe na kupata waume mapema. Mtoto akikataa, vidole vyake vya miguu hubanwa kwa vijiti. Wanaofanya hivyo si maadui zake. Ni mama na bibi zake, tena wanaamini wanamtakia heri. Desturi hiyo imepungua mijini, lakini katika miaka ya 2000 ilianza kuripotiwa kwamba baadhi ya wanawake, badala ya maziwa, sasa wanameza dawa za kunenepeshea mifugo.

Sasa tugeuke upande wa pili. Visiwa vya Fiji, katika bahari ya Pasifiki, vilikuwa na mila inayofanana na yetu ya pwani: mwili mnene ni heshima, na mgeni hulazimishwa kula mpaka aombe radhi. Mwaka 1995 matangazo ya televisheni yalifika katika jimbo la Nadroga. Mtafiti wa Marekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo huo, kisha akarudi mwaka 1998 kuwahoji wengine wa rika lile lile. Mara ya kwanza hakumpata hata mmoja aliyekuwa akijitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa wasichana 11 katika kila 100. Waliohojiwa hawakuwa wengi, kiasi cha 60 na ushee kila mara, lakini maelezo yao yanashtua. Walisema wazi kwamba wanataka miili kama ya wale wanawake wanaowaona kwenye tamthilia, wakiamini kwamba wenye miili ile ndio wanaopata kazi na maisha mazuri.

Na hao wanaotazamwa, je, wao wana raha? Mwaka 2006 mwanamitindo wa Uruguay, Luisel Ramos, alifariki mwezi Agosti, na mwezi Novemba akafariki Ana Carolina Reston wa Brazil, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Wote wawili walikuwa wamejinyima chakula. Mwaka huo huo maonyesho ya mavazi ya Madrid yaliwakataa wanamitindo waliokonda kupita kiasi. Ufaransa nayo, kuanzia mwaka 2017, inataka mwanamitindo awe na cheti cha daktari, na picha ya tangazo iliyopunguzwa mwili kwa kompyuta iandikwe kwamba imebadilishwa. Maana yake ni kwamba msichana wa Nadroga au wa Temeke anaweza kujitesa ili afanane na mtu ambaye hata yeye mwenyewe hafanani na picha yake.

Ndugu msomaji, linganisha mambo haya mawili. Mauritania binti analishwa mpaka atapike. Fiji binti anajitapisha baada ya kula. Amri zimepishana, lakini anayeamriwa ni yule yule, na kwa pande zote mbili aliyeamrisha si yeye anayeumwa.

Namba inayoitwa BMI

Hapa baadhi ya wasomaji watasema: Hayo ni mambo ya urembo, sisi tunazungumzia afya, na afya ina kipimo chake. Ni kweli, kipo kipimo kinachojulikana kama BMI. Unachukua uzito wako kwa kilo, unaugawa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mwanamke mwenye kilo 68 na urefu wa mita 1.60 atagawa 68 kwa 2.56, atapata 26.6. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri.

Kipimo hiki kina manufaa, hasa kwa kuangalia hali ya watu wengi kwa pamoja. Lakini ni vizuri tujue kilikotoka. Hesabu yenyewe ilibuniwa katika miaka ya 1830 na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa takwimu na elimu ya nyota. Hakuwa daktari, wala hakukusudia kumpima mtu mmoja mmoja afya yake. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, pale Ancel Keys wa Marekani na wenzake walipokijaribu kipimo hicho kwa watu zaidi ya 7,000. Watu hao wote walikuwa wanaume.

Kisha kuna hadithi ya mwaka 1998. Mpaka wakati huo, Marekani ilimhesabu mwanamke kuwa amezidi uzito kama BMI yake ilifika 27.3. Mwezi Juni mwaka huo taasisi ya afya ya nchi hiyo ikashusha mpaka ukawa 25, ili ulingane na ule wa kimataifa. Yule mwanamke wetu wa 26.6 angelala akiwa mtu wa kawaida na kuamka amezidi uzito, ilhali hajaongeza hata gramu moja. Mamilioni ya watu walihamishwa namna hiyo kwa siku moja.

Sisemi kwamba mipaka hiyo haina maana. Ninachosema ni kwamba namba hiyo ni kengele ya kumwita mtu aende kupima zaidi. Si hukumu. Haiwezi kutofautisha mafuta na misuli, wala haioni mafuta yamekaa wapi, na wala haijui kama mwenye mwili huo ana presha au hana. Anayeitumia namba hiyo kumfedhehesha mwenzake mbele za watu ameivika elimu kanzu isiyokuwa yake.

Dawa za kukondesha na historia yake

Penye aibu hupatikana mfanyabiashara. Katika miaka ya 1990 Wamarekani walitiwa shauku na mchanganyiko wa dawa mbili za kupunguza mwili, fenfluramini na fentamini. Utafiti uliowavutia, uliochapishwa mwaka 1992, ulikuwa wa watu 121 tu. Mwaka 1996 peke yake madaktari waliandika zaidi ya vyeti milioni 18 vya dawa hizo. Wengi wa waliozitumia walikuwa wanawake, na wapo ambao hawakuwa wagonjwa, walitaka tu kupungua kilo chache. Julai 1997 madaktari wa Mayo Clinic wakatangaza kwamba wamewakuta wanawake 24 wenye vali za moyo zilizoharibika, wote wakiwa wametumia mchanganyiko huo. Septemba mwaka huo fenfluramini ikaondolewa sokoni.

Mtu angedhani dunia imejifunza. La! Nchini Ufaransa ilikuwapo dawa iitwayo Mediator ya kampuni ya Servier, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Ilisajiliwa kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, lakini ikawa inaandikiwa hata wanawake waliotaka tu kupungua. Dawa hiyo ikiingia mwilini huzaa kitu kile kile kinachozaliwa na fenfluramini. Hata hivyo iliendelea kuuzwa kwa miaka 12 baada ya Marekani kuiondoa ile ya kwao, mpaka mwanamke mmoja, daktari Irène Frachon wa mji wa Brest, alipong'ang'ania kuhesabu wagonjwa wake wa moyo na kuuliza walimeza nini. Iliondolewa mwaka 2009. Mwaka 2021 mahakama ya Paris iliitia kampuni hiyo hatiani kwa udanganyifu uliokithiri na kuua bila kukusudia.

Sasa hebu tujiulize. Kama nchi zenye maabara, mahakama na wakaguzi zilichelewa kiasi hicho, itakuwaje kwa chai ya kukondesha inayouzwa kwenye ndoo sokoni, au vidonge vinavyoletwa nyumbani na mtu asiye na duka? Siku hizi zipo sindano za semaglutaidi. Hizi ni dawa za kweli kwa mwenye kisukari na kwa mwenye unene uliokithiri, zikisimamiwa na daktari. Lakini Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba bandia zake zimekamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Dawa ambayo haikusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo muuzaji wake hawezi kukutajia jina lake, usiimeze hata kama jirani yako imempendeza.

Kipi basi kipimwe?

Isije ikaeleweka kwamba nasema unene hauna madhara. Madhara yapo, nayo yanaongezeka. Takwimu za kitaifa za Tanzania zilionyesha kwamba mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamezidi uzito. Katika utafiti wa mwaka 2015-16 walikuwa 28, huku 10 katika kila 100 wakiwa na uzito pungufu. Kisukari na presha vimo majumbani mwetu, wala havihitaji kusimuliwa.

Hivyo basi, anayekutakia afya akuulize mambo haya. Kwanza, kiuno. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima usawa wa kitovu. Mwanamke akivuka sentimita 80 aanze kuangalia, akivuka 88 asichelewe kumwona daktari. Mafuta ya tumboni yana hatari kuliko ya makalioni na mapajani, ingawa macho ya watu hutazama zaidi huko. Pili, presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, ikapimwa siku tofauti na kurudi vile vile, hiyo ni presha ya kutibiwa. Tatu, sukari. Kabla ya kula asubuhi ikifika 7 au kuzidi, na ikathibitishwa kwa kipimo cha pili, hicho ni kisukari. Wapo wanene ambao vipimo hivi viko sawa, na wapo wembamba wanaotembea na kisukari bila kujua kwa sababu kila mtu anawasifu umbo.

Habari njema ni kwamba afya haidai mengi. Marekani ilifanya utafiti kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari, matokeo yakatolewa mwaka 2002. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwao kwa asilimia 58, ilhali waliopewa vidonge vya metfomini kilipungua kwa asilimia 31. Kwa mwanamke wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Akizipunguza, mawifi hawataona tofauti, na dera litakuwa lile lile. Lakini moyo wake na kongosho lake vimeona. Urembo kwa upande wake hauna kilo ya mwisho. Ukifika walipokutuma, watakutuma kwingine.

Sisi tulio pembeni

Mwisho nizungumze na sisi tunaotazama. Mwanamume mwenye tumbo huambiwa ana kitambi cha heshima, ingawa kwake pia hatari huanzia kiuno cha sentimita 94. Haulizwi kwenye posa, wala hauziwi vidonge kabla ya ndoa. Kaka zetu wajiulize ni mara ngapi wamemtania mke kuhusu mwili wake uliobadilika kwa kuwazalia watoto.

Amepokea Abu Daud habari ya mama yetu Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Anasimulia kwamba alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakiwa safarini, naye Aisha akashinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, mara hii Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa sasa wamelipana. Tazama jinsi habari ilivyo nyepesi. Mwili ulibadilika, mwenyewe anausimulia bila aibu, na mume hakuufanya kuwa kosa. Tena walikimbia pamoja!

Huyo mdogo wangu sasa amerudia wembamba wake, na ana mtoto wa kiume. Mwezi uliopita tulikutana msibani. Mzee mmoja akaanza: "Mbona umekonda hivyo..." Mdogo wangu akamjibu kwa adabu: "Shikamoo bibi. Nimepimwa, mzima." Yule bibi akaitikia marahaba, akanyamaza.

Tuanze sisi, kabla ya wauza vidonge. Mwanamke akibisha hodi, tumuulize kwanza hali yake na tumsikilize jibu lake. Tukiwa na wasiwasi na afya yake, tumsindikize kupima, nasi tupime. Wabillahi tawfiiq.